Utata si kisingizio

Kuna jibu moja ambalo waandishi wa habari wa Afrika Mashariki tumelisikia mpaka tumelizoea. Unampigia ofisa simu, unamuuliza kwa nini maiti ya binti wa watu imelala Riyadh miezi kadhaa haijarudishwa kwao, naye anashusha pumzi ndefu kisha anasema: "Ndugu mwandishi, suala hili lina utata." Akishasema hivyo, basi. Hakukataa, hakukubali, hakusema nani anahusika wala litakwisha lini. Neno moja limeufunga mlango.

Kazi hii nimeifanya nyumbani na sasa naifanya nikiwa mbali na nyumbani, na jibu hilo halijabadilika. Kwa hiyo leo, ndugu msomaji, naomba tulichukue neno hilo tuligeuze upande na upande. Utata si neno la maofisa peke yao. Ni somo la wanasayansi na ni kazi ya waandishi wa riwaya, na wote hao wanatwambia jambo moja ambalo wakubwa wetu hawapendi kulisikia: kitu kuwa na utata si sababu ya kukiacha. Ni sababu ya kukifuatilia fundo baada ya fundo.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Mswahili hakuliacha neno tata likae peke yake, amelipa mwenzake, nalo ni tatua. Kama ilivyo kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kufumba na kufumbua, ndivyo ilivyo kutata na kutatua. Muulize mvuvi yeyote wa Pemba au Lamu, wavu ukitatana hufanya nini. Hautupi, maana ni mali. Haukati kwa kisu, maana tundu atakalolifanya ndilo watakalopitia samaki. Hukaa kivulini, akatafuta ncha, akaanza fundo moja moja. Na tusichanganye utata na ugumu. Jiwe ni gumu lakini halina utata, ukipata nyundo nzuri umemaliza. Wavu ni laini, lakini kwa nguvu huuwezi. Kila ukivuta unazidi kukaza.

Mwaka 1948 mwanahisabati wa Kimarekani, Warren Weaver, aliandika makala ambayo mpaka leo inasomwa na wanaojifunza elimu ya utata. Aliyagawa matatizo ya sayansi mafungu matatu. La kwanza ni matatizo mepesi, yenye vitu viwili au vitatu tu: ukisukuma hapa, kinasogea pale. La pili ni matatizo yenye vitu vingi mno visivyopangika, kama chembe za hewa ndani ya chupa. Huwezi kuifuata chembe mojamoja, lakini kwa hesabu za wastani unaweza kusema jinsi chupa nzima itakavyokuwa. La tatu liko katikati, na hilo Weaver alisema ndilo kazi ya miaka inayokuja. Ni matatizo yenye vitu vingi ambavyo vimefungamana: mwili wa mtu, soko, mji, jamii. Hapa nyundo haifai, na wastani haufai. Hapa inabidi ujue nani ameshikana na nani.

Sasa twende Riyadh na Jeddah, wanakofanya kazi maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu, hasa wanawake wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Tanzania. Wao wenyewe huitana kadama, neno walilolipata hukohuko, yaani mtumishi wa nyumbani. Amnesty International, katika ripoti yake ya Mei 2025, ilitaja Wakenya wapatao 150,000 wanaofanya kazi za nyumbani nchini Saudi Arabia. Mwaka 2021 katibu mkuu wa wizara ya mambo ya nje ya Kenya aliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika mwaka 2020 na 2021, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Sababu iliyoletwa kutoka huko ilikuwa ni kusimama kwa moyo, na katibu mkuu mwenyewe alionyesha wazi kwamba haimwingii akilini vijana wote hao wafe kwa moyo. Machi 2025 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi wake, likahesabu Wakenya wasiopungua 274 waliokufa huko katika muda wa miaka mitano.

Serikali zetu zimelitazamaje jambo hili? Zimelitazama kwa macho mawili tu ya Weaver, la kwanza na la pili. La tatu wamelifumba.

Jicho la kwanza ni la tatizo jepesi: mabinti wanaumia Uarabuni, basi tupige marufuku wasiende. Ethiopia ilipiga marufuku Oktoba 2013. Uganda ilifanya hivyo Januari 2016. Kikafuata nini? Aliyekuwa anapita uwanja wa ndege na mkataba mkononi akaanza kupita njia za panya bila mkataba. Waethiopia wakaendelea kushuka pwani ya Djibouti, wakavuka bahari kwa majahazi mpaka Yemen iliyokuwa inawaka moto, na wapo waliozama na wapo waliouawa njiani. Novemba ileile ya 2013, Saudi Arabia ilipoanza msako wa wageni wasio na karatasi, mtaa wa Manfuhah mjini Riyadh uligeuka uwanja wa mapambano, na katika miezi michache Waethiopia wapatao 160,000 walirudishwa kwao. Miaka haikupita mingi, wengi wakarudi tena kwa bahari. Uganda ikaiondoa marufuku yake mwaka 2017, Ethiopia mwaka 2018. Hicho ndicho kisu cha kukatia wavu. Fundo halikufunguka, tundu likaongezeka.

Jicho la pili ni la wastani. Hili hupendwa na mawaziri wa fedha. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Saudi Arabia imo miongoni mwa nchi zinakotoka fedha nyingi zaidi. Ukitazama kwa jicho hilo, waliokufa ni wachache kwa kuwalinganisha na waliokwenda, na waliotuma fedha ni wengi kuliko waliorudi na majeraha. Hesabu ni sahihi, lakini mama wa marehemu hakuzaa wastani.

Jicho la tatu ndilo linalotaka kazi. Mchukue binti mmoja, usimpe jina, maana wako wengi. Kijijini kwao amejiwa na mtu anayemfahamu, pengine shangazi wa jirani, ambaye hulipwa kwa kila kichwa anachokileta. Huyo anampeleka kwa wakala mjini. Wakala wa mjini ana mwenzake Riyadh au Jeddah. Mwenzake amelipwa na kafili, yaani mwajiri ambaye ndiye anayemdhamini binti huyu kukaa nchini. Kafili ametoa fedha nyingi, kwa hiyo anamwona binti kama mali aliyoinunua. Pasipoti inachukuliwa. Iqama, kile kibali cha kukaa, kimefungwa kwa jina la kafili. Binti akikimbia kwa sababu hakulipwa au amepigwa, kafili anatoa taarifa kwamba ametoroka, na papo hapo aliyedhulumiwa anakuwa mkosaji. Akipiga simu ubalozini Riyadh, anaambiwa amrudie wakala. Wakala anasema mkataba umekwisha muda wake. Akifa, hospitali inamngoja kafili aje kusaini, kafili hapatikani, ubalozi unangoja karatasi ya polisi, familia inangoja simu.

Ndugu msomaji, huo ndio utata wenyewe, na hakuna anayeukataa. Lakini tazama vizuri: kila fundo nililolitaja lina mtu. Lina saini. Lina stakabadhi. Hakuna hata moja lililofungwa na upepo. Na baadhi ya mafundo yamefungwa kwetu, wala si Uarabuni. Uchunguzi ule wa New York Times ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye maslahi katika kampuni za kupeleka wafanyakazi wamo wanasiasa na watu walio karibu na madaraka. Mtu anayefaidika na fundo ukimpa kazi ya kulifungua, atakwambia lina utata mpaka kiyama.

Wapo watakaosema kuwa haya ni maneno ya vitabuni, na kwamba mambo yaliyofungamana hivi hayatatuliki. Jawabu lao liko Jeddah kwenyewe. Tarehe 25 Novemba 2009, siku ambayo mahujaji walikuwa wanaelekea Mina, ilinyesha mvua ya saa chache tu. Ilifika kiasi cha milimita 90, mvua ambayo Tanga au Mombasa ingewachelewesha watu kazini ikaishia hapo. Jeddah iliua watu zaidi ya 120 na kusomba maelfu ya magari. Kwa nini? Hapo ndipo unapouona utata. Mji umekaa kati ya milima na Bahari ya Shamu, na mabonde makavu, wanayoyaita wadi, yanashuka kutoka milimani kuelekea baharini. Katika miaka ya neema ya mafuta watu waliongezeka, ardhi ikapanda bei, viwanja vikakatwa ndani ya mabonde hayohayo. Vibali vikatolewa. Mtaa wa Quwaizah, ambako maafa yalikuwa makubwa, ulikuwa umekaa kwenye njia ya maji. Nyumba nyingi za mji hazikuwa na mabomba ya maji machafu. Magari ya kunyonya yalikuwa yakiyachukua na kwenda kuyamwaga mashariki ya mji, likaumbika ziwa zima la uchafu ambalo wenyeji kwa kejeli waliliita Ziwa la Miski. Miradi ya mifereji ilikuwepo kwenye karatasi na ilikuwa imelipiwa.

Siku zile wapo waliosema ni kudra, na wapo waliosema ni mambo magumu ya tabianchi. Lakini wananchi walipiga kelele kwenye Facebook kwa ujasiri ambao haujazoeleka huko, na Mfalme Abdullah akaunda tume iliyoongozwa na gavana wa Makka. Amri yake ilikiri kwamba kulikuwa na makosa na uzembe ndani ya idara za serikali. Maofisa na wakandarasi walifikishwa mahakamani, na baadhi walifungwa kwa rushwa. Mwezi wa Januari 2011 mji ukafurika tena, maana fundo moja halitoshi. Kazi ya mabwawa na mifereji ikaongezwa, na lile ziwa la uchafu likakaushwa. Kisha tarehe 24 Novemba 2022 ikaja mvua ya milimita 179, karibu mara mbili ya ile ya 2009. Safari hii tahadhari ilikuwa imetolewa, shule zilikuwa zimefungwa, na waliotangazwa kufa walikuwa wawili. Wawili nao ni wengi kwa waliofiwa. Lakini nani atasema tena kwamba maafa ya 2009 yaliletwa na mvua?

Nasema haya bila ya kuipamba serikali ya Saudi Arabia. Wananchi wale wale waliopiga kelele hawana uhuru wa kupiga kelele juu ya kila jambo. Ninachosema ni kwamba walipotaka kuutatua utata wa maji, waliutatua. Kwa hiyo wakisema utata wa kafili hautatuliki, tusiwaamini wao wala tusiwaamini wetu. Marekebisho ya Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi wa kampuni kubadilisha kazi na kutoka nchini bila ya ruhusa ya mwajiri, kwa masharti. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zimewawekea ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku na siku ya mapumziko kila wiki. Ni hatua. Lakini nyumba ina kuta, na kanuni isiyokuwa na mkaguzi haipiti ukutani.

Sayansi nayo inatuonya tusidhani kwamba ukifungua fundo moja umemaliza. Januari 2006, watu zaidi ya 340 walikufa kwa msongamano penye daraja la Jamarat, Mina. Mwanasayansi Dirk Helbing na wenzake walizisoma picha za video za siku ile, wakaona kwamba umati unapozidi kubanana hubadilika tabia. Mwanzo watu hutembea sawasawa, kisha husimama na kwenda kama mawimbi, kisha huanza kutikisika kama maji yanayochafuka, na hapo hakuna mtu mmoja anayemsukuma mwenzake kwa kutaka. Daraja la zamani likavunjwa, likajengwa jipya la ghorofa nyingi. Darajani pakatengenea. Septemba 2015 maafa makubwa zaidi yakatokea Mina hiyohiyo, lakini barabarani, njia mbili zilipokutana. Mzigo ulikuwa umehama. Ndivyo ilivyo kwa marufuku zetu: uwanja wa ndege ukiufunga, mzigo unahamia pwani.

Na wala usingoje kujua kila kitu ndipo uanze. Nobeli ya fizikia ya mwaka 2021 ilitolewa kwa wanasayansi watatu kwa kazi zao juu ya mifumo yenye utata. Mmoja wao, Syukuro Manabe, mwaka 1967 alikokotoa pamoja na mwenzake jinsi dunia itakavyopata joto hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu. Hakuwa na hesabu ya kila wingu. Alichukua nguzo moja ya hewa kutoka ardhini hadi juu, akaanzia hapo, na jawabu lake halijatupwa mpaka leo. Alichagua ncha iliyo sahihi akaivuta.

Mwaka huohuo wa 2021 Nobeli ya fasihi ilikwenda kwa mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah. Katika riwaya yake ya By the Sea ya mwaka 2001, wanaume wawili kutoka kisiwani wanakutana Uingereza, kila mmoja na kisa chake juu ya nyumba moja na madeni yake. Msomaji aliyemhukumu mmoja anajikuta mbele kidogo anaifuta hukumu. Gurnah hasemi kwamba hakuna haki wala dhulma. Anasema ukitaka kuijua dhulma sikiliza pande zote mpaka mwisho, na usikimbilie kumpata shetani.

Na huko kwenyewe Arabuni wapo waliolifanya hilo kabla yetu. Abdulrahman Munif alikuwa mtaalamu wa uchumi wa mafuta, akanyang'anywa uraia wa Saudi Arabia mwaka 1963, akafa Damascus mwaka 2004 akiwa uhamishoni. Riwaya yake ya vitabu vitano, Mudun al-Milh, yaani Miji ya Chumvi, inaeleza jinsi mafuta yalivyokuja na kuwang'oa watu wa jangwani. Kitabu cha kwanza kilipotoka kwa Kiingereza, John Updike alilalamika katika jarida la New Yorker mwaka 1988 kwamba hakina shujaa mmoja wa kumfuata. Mimi naona hapo ndipo Munif alipopatia. Kisa cha mafuta hakina shujaa mmoja. Kina mchimbaji, amiri, dereva, mganga, na kampuni. Ukikilazimisha kiwe na mtu mmoja umekidanganya. Abdo Khal naye, mwandishi aliyekulia Jeddah, alipata tuzo ya kimataifa ya riwaya ya Kiarabu mwaka 2010 kwa riwaya ambayo jina lake limetoka katika Surat al-Mursalat. Inahusu kasri lililojengwa ufukweni mwa mtaa wa maskini. Vijana waliotamani kuingia ndani waliingia, na mmoja wao akageuzwa kuwa mtesaji wa wenzake.

Nawataja hawa kwa sababu. Sisi tulio ughaibuni tuna ugonjwa wetu, nao ni kinyume cha ule wa maofisa. Wao husema utata ili wasifanye kitu. Miongoni mwetu wapo wanaorahisisha ili wapate kupiga kelele: "Waarabu ndivyo walivyo." Sisi watu wa pwani tunajua sentensi kama hiyo iliwahi kutufikisha wapi mwaka 1964. Munif na Khal ni watoto wa jamii hiyohiyo, na wameisema kuliko tulivyoisema sisi. Ukimlaumu Mwarabu kwa jumla umemnusuru yule kafili mmoja aliyeinyima mishahara, na umemnusuru yule wakala wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ambaye si Mwarabu hata kidogo. Lawama ya wote ni msamaha wa mwenye kosa.

Basi tuwatake nini wakubwa? Kwanza, watangaze hadharani wenye kampuni zote za kupeleka wafanyakazi, majina ya watu na si majina ya kampuni tu. Pili, kila anayekufa apimwe tena na daktari asiyefungamana na upande wowote, na familia ipewe ripoti mkononi. Tatu, balozi zetu Riyadh ziwe na watu wa kazi wanaojua Kiarabu na sheria za huko, wa kutosha kwa idadi ya watu wetu. Nne, mikataba ya nchi kwa nchi ichapishwe kwa Kiswahili ili binti asome kabla hajapanda ndege. Hakuna hata moja katika hayo linalongoja ruhusa ya kafili.

Na waandishi wenzangu, ofisa akikwambieni tena kwamba suala lina utata, msikate simu. Mwambieni vizuri: tumekubali, lina utata. Sasa tutajie ncha iko kwa nani.